Makala na Bandiko: Mjadala Penye Meza ya Magazeti

Katika mambo yanayowagombanisha watu wa kalamu siku hizi, sijui kama liko lililo jepesi kulitaja na zito kulimaliza kuliko hili la tafauti iliyopo baina ya makala, ambayo watu wa rika langu tuliizoea katika magazeti na majarida, na bandiko, yaani lile andiko ambalo mwenye blogu hulitunga chumbani mwake na kulitangaza kwa walimwengu kabla chai yake haijapoa. Wako wanaolidharau bandiko kwa kudhani kuwa ni makala iliyokosa malezi, na wako wanaoicheka makala kwa kudhani kuwa ni bandiko lililochelewa njiani. Na mimi, ambaye riziki yangu imetoka katika makala ilhali mabandiko nayasoma kwa siri, nimeona heri nisihukumu kabla ya kusikiliza. Kwa hiyo nimewakutanisha watu watatu, nikawapa majina ya kazi zao ili wasitafutwe mitaani: Mhariri, mzee aliyetumikia magazeti ya Dar es Salaam hata akastaafu na kurejea kwao Tanga, Mwenye Blogu, binti wa papo hapo Tanga, aandikaye habari za pwani na bahari, na Muuza Magazeti, ambaye meza yake karibu na stendi ya mabasi ndiyo baraza lao. Salamu zao nimeziruka, si kwa kuwa hazikutolewa, bali kwa kuwa zilikuwa ndefu kama desturi ya mji ule.

MHARIRI: Kwanza tuyaondoe yale yasiyokuwa tafauti ya kweli, maana watu hupoteza siku nzima humo. Husemwa kwamba makala ni ndefu na bandiko ni fupi. Walakini mimi nimechapa makala za maneno mia nne, na nimeona mabandiko ambayo mtu huyaanza adhuhuri na alasiri ikamkuta hajafika katikati. Husemwa tena kwamba makala hutumia lugha fasaha na bandiko hutumia lugha ya vijiweni. Hilo ni tabia ya mwandishi, si tabia ya andiko. Na husemwa kwamba moja ni la karatasi na jingine ni la umeme, jambo ambalo huyu bwana mwenye meza anajua kwa hasara yake kuwa halisimami tena, kwani gazeti zima husomwa katika simu na makala zake hazigeuki kuwa mabandiko kwa kupita humo.

MUUZA MAGAZETI: Hasara yangu ni kongwe kuliko simu, mzee. Hata zamani watu walisimama hapa wakasoma vichwa vya habari bure, wakajadiliana kana kwamba wamenunua, kisha wakapanda basi.

MHARIRI: Basi muradi wangu ni huu. Makala ni andiko ambalo lingaliweza kukataliwa. Mwandishi huleta mswada, mhariri wa dawati akausoma kwa jicho la mtu asiyempenda wala asiyemchukia aliyeuandika, akauliza umeyapata wapi haya, nani mwingine aliulizwa, na kwa nini aya ya tatu inapingana na ya saba. Kisha ukapita kwa msahihishaji, ukapita kwa msanifu wa kurasa ambaye aghalabu huukata mkia kwa sababu ya tangazo la sabuni, na mwisho ukafika kwa mhariri mkuu, ambaye mbele ya sheria hubeba mzigo pamoja na mwandishi. Wakati wowote katika safari hiyo andiko laweza kurudishwa kwa mwenyewe. Bandiko halina safari hiyo: baina ya wazo la mtu na macho ya ulimwengu pana kitufe kimoja tu, na anayekibonyeza ni yeye yule aliyeandika.

MWENYE BLOGU: Mzee wangu, umeitaja sifa ya makala, nami naisikia kama lawama yake. Huyo mwenye kukataa ni nani, na anakataa kwa niaba ya nani? Magazeti ya Kiswahili yalianza mikononi mwa watu wenye shabaha zao. Msimulizi la mwaka 1888 lilikuwa la misheni ya Unguja. Mambo Leo, ambalo babu zetu walilisubiri kila mwezi tangu 1923, lilikuwa la serikali ya Waingereza. Na baada ya uhuru yakaja ya chama. Simaanishi kwamba yote yaliyochapwa humo yalikuwa ya uongo, hasha. Wamo washairi na watungaji ambao lau si magazeti hayo tusingewajua. Lakini aliyekuwa na neno lisilompendeza mwenye matbaa alikwenda nalo wapi? Alikwenda nalo kaburini. Mimi nikilikosea neno langu nitaadhirika, nakubali. Lakini angalau nimelisema.

MHARIRI: Na ukikosea neno la kumdhuru mtu?

MWENYE BLOGU: Nitalijibu. Ila na wewe unijibu hili. Tarehe 30 Desemba 2007, nchi jirani ya Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku utangazaji wa moja kwa moja, na vyombo vikubwa vikabanwa pumzi. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu yake aliyoiita Kenyan Pundit, akawa anaandika aliyoyaona na aliyoletewa na watu waliokuwa wamezingirwa majumbani mwao. Na mwanzoni mwa Januari 2008 akatoa humo wazo kwamba matukio ya ghasia yakusanywe na kuonyeshwa katika ramani, wazo ambalo mafundi wa kompyuta waliomsoma walilishika na ndani ya siku chache likawa Ushahidi, chombo ambacho baadaye kilitumika Haiti baada ya zilizala ya 2010. Mhariri gani angechapa aya kama ile, ya mtu asiye na uhakika, anayeuliza tu kama kuna awezaye kutenda jambo fulani? Ungeirudisha, mzee, ukamwambia akamilishe kwanza.

MHARIRI: Ningeirudisha, sikatai. Na majuma hayo hayo, binti yangu, zilisambaa pia jumbe za simu za kuchochea kabila juu ya kabila, ambazo nazo hazikupita mkononi mwa mhariri yeyote. Mlango usiokuwa na bawabu huingiza mgeni na huingiza mwizi.

Hapa sina budi kuingilia kati, kwa kuwa naona Mhariri alishinda kwa methali pale alipostahili kujibu kwa hoja. Ujumbe wa chuki usiokuwa na jina la mtu si bandiko. Blogu ya kweli ina anwani, ina mwenyewe, na ina akiba ya yote aliyoyasema tangu siku ya kwanza, ambayo hasimu wake anaweza kuyafukua akamrushia usoni. Tena tafauti kubwa iliyosahauliwa na wote wawili kufikia hapo ni ile ya mpangilio, nayo ikaletwa na yule niliyemdhania kuwa msikilizaji tu.

MUUZA MAGAZETI: Mimi ninaloliona mezani ni jingine. Gazeti hunipangia dunia. Nikilitazama najua lililo kubwa leo ni lipi, maana limewekwa juu kwa herufi nene, na lililo dogo limesukumwa ukurasa wa ndani karibu na mechi za daraja la pili. Lakini nikifungua blogu katika simu, la juu ni la mwisho kuandikwa. Msiba wa mtu mashuhuri ukitangazwa asubuhi na picha ya harusi ikatiwa mchana, harusi imekaa juu ya msiba. Huko mhariri ni saa ya ukutani.

MWENYE BLOGU: Kaka umelisema vizuri kuliko mimi. Desturi hiyo ina asili yake. Mmarekani Jorn Barger, Desemba 1997, alianza kuandika kila siku katika ukurasa wake orodha ya yale aliyoyasoma mtandaoni, lililo jipya likitangulia, na kila moja likiwa na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye asili. Kilikuwa kitu cha kubeba watu kuwapeleka kwingine, si cha kuwakalisha. Ilipotoka programu ya Blogger mwaka 1999, na WordPress mwaka 2003, kazi hiyo ikawezekana hata kwa asiyejua ufundi. Ndipo hapa kwetu Ndesanjo Macha akawa miongoni mwa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili katika Jikomboe, na Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti, akafungua blogu yake Septemba 2005 alipokuwa mkutanoni Helsinki. Mtazameni huyo Michuzi: picha moja, mistari miwili, basi, kesho nyingine, na kesho kutwa nyingine. Ukilichukua bandiko lake moja ukalipima kwa mizani ya makala, litakuwa jepesi kama unyoya. Lakini ukiyasoma ya mwaka mzima, wewe uliye Reading au Muscat, umekaa Dar es Salaam mwaka mzima. Makala husimama peke yake, haina baba wala mama; bandiko ni siku moja katika maisha ya mtu, na asiyelijua la jana hawezi kulielewa la leo.

MHARIRI: Hilo nalipokea, wala sikulifikiri hivyo. Kumbe ndiyo sababu mabandiko hunichosha: naingia katikati ya mazungumzo ya watu nisiowajua.

MUUZA MAGAZETI: Na mimi nalo linanitia huzuni jambo moja. Blogu haifungii karanga.

Kicheko kilipotulia, Mhariri akataka mambo yashuke kutoka hewani hadi kwenye mfano mmoja ambao wote wawili waliujua, nao ulikuwa ule wa mikoko. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo palipo na nyama ya mjadala.

MHARIRI: Uliandika katika blogu yako kwamba mikoko ya kaskazini ya mji wetu inakatwa usiku na kusafirishwa kwa ngalawa. Lilikuwa andiko zuri. Ulianza kwa mama yako, jinsi alivyokuwa akienda na wenzake kutafuta kaa katika matope, ukaja katika boriti ambazo majahazi yalizipeleka Uarabuni tangu enzi na enzi, hata upana wa vyumba vya nyumba za kale ukafuata urefu wa boriti. Nami nililisoma lote bila ya kuketi. Kisha gazeti moja likakuomba uliandike kuwa makala, ukaniletea mswada niutazame. Nilikuuliza neno moja tu.

MWENYE BLOGU: Uliniuliza kama nimezungumza na bwana misitu.

MHARIRI: Naam, na hukuwa umezungumza naye.

MWENYE BLOGU: Sikuwa nimezungumza naye kwa sababu niliyaona magogo kwa macho yangu. Nikaenda kwa shingo upande. Akanifungulia daftari, akanionyesha kwamba sehemu ya boriti zile zilikatwa kwa kibali, kwa ajili ya ukarabati wa nyumba za kijiji, na sehemu nyingine, ile iliyokatwa ng'ambo ya mkono wa bahari, haikuwa na kibali chochote, na yeye mwenyewe alikuwa akiitafuta njia ya kuwapata wakataji. Makala ikageuka kuwa nyingine. Katika bandiko niliwaweka watu wa kijiji kile katika kundi moja na wezi, ilhali walikuwa wamefuata sheria kwa kila hatua.

MHARIRI: Ndilo nisemalo.

MWENYE BLOGU: Ngoja, mzee, sijamaliza, maana hadithi hii ina upande wa pili ambao huupendi. Mswada ulipofika gazetini wakaukata ukawa maneno mia nane. Mama yangu akaondoka. Boriti za Uarabuni zikaondoka. Zikabaki hekta, kibali, na kauli ya bwana misitu, na kichwa cha habari ambacho hakikuwa changu. Jambo lililokuwa sahihi lilichapwa, na sababu ya mtu yeyote kulijali ikabaki sakafuni. Tena: bandiko lile la kwanza, lenye kosa, ndilo lililomfikia kijana mmoja wa kijiji kile, naye akaniandikia kwa hasira kwamba nimewasingizia. Hasira yake na swali lako yalinifikisha mlango mmoja. Wewe ulinizuia kabla. Yeye alinikamata baada.

Maneno hayo ya binti, kabla na baada, ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta tangu nilipoanza kuandika, na kwa kadiri ya uoni wangu ndiyo yaliyo karibu zaidi na ukweli wa tafauti yenyewe. Andiko lolote lenye insafu lazima lihojiwe na mtu ambaye si mwenyewe. Makala huhojiwa chumbani, na watu wachache wenye ujuzi na wenye hofu ya sheria, na msomaji hupewa lililosalia baada ya vita ambavyo hakuviona. Bandiko huhojiwa uwanjani, na yeyote apitaye, na vita vyake ni sehemu ya andiko lenyewe. Kila njia ina gharama. Ya kwanza hulipwa na mwandishi, kwa aya zilizomwagika. Ya pili mara nyingi hulipwa na yule aliyeandikwa, ambaye husingiziwa asubuhi na kusafishwa jioni, kama atasafishwa. Kwa hiyo siwezi kuziweka gharama hizo sawa, na katika habari ya kumtuhumu mtu niko upande wa Mhariri bila ya shaka yoyote. Katika habari ya wazo ambalo bado ni changa, niko upande wa binti. Na mfano wake wa hili ulitoka mbali, kwa watu wa hesabu.

MWENYE BLOGU: Januari 2009, Tim Gowers wa Cambridge, bingwa wa hesabu aliyekwisha kupata nishani ya Fields, aliweka katika blogu yake tatizo ambalo hakujua namna ya kulimaliza, akawaalika watu wote walijaribu hadharani, kila mtu akiandika wazo lake hata likiwa nusu, hata likiwa la makosa. Baada ya majuma machache tu tatizo likaelekea kufumbuliwa. Kisha, mzee, tazama walilofanya: wakaiandika makala. Ikapelekwa kwa wahakiki kama kaida ilivyo, ikatoka katika Annals of Mathematics mwaka 2012 kwa jina la kubuni, D.H.J. Polymath, kwa sababu waliochangia walikuwa wengi. Karakana ilikuwa blogu, na chombo kilichoshushwa majini kilikuwa makala.

MHARIRI: Mfano huo ni wangu, si wako. Umekiri kwamba mwisho wa safari ni makala.

MWENYE BLOGU: Nimekiri kwamba makala ile isingekuwapo. Na kama unataka mfano wa pwani, ninao, na huu hutaweza kuuchukua. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwaka 1930, alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa. Mwandishi ni yeye, mhariri ni yeye, Kiswahili chake ni cha watu wa mji wake na herufi zake ni za Kiarabu walizozijua, na mada ni ile iliyomkera juma hilo: elimu ya watoto, israfu za harusi, watu kuiga ya Wazungu yasiyo na manufaa na kuyaacha yenye manufaa. Nani angemkatalia? Mwaka 1932 ikafuata al-Islah, na baadaye maandiko ya Sahifa yakakusanywa kuwa kitabu, Uwongozi. Mwenye blogu wa kwanza wa pwani alikuwa mwanachuoni mwenye kilemba, miaka 67 kabla ya huyo Mmarekani wangu.

Mhariri alinyamaza, na nadhani kila aliyezoea kumsikia angalijua kwamba hakunyamaza kwa kushindwa.

MHARIRI: Sheikh al-Amin alijulikana mlango wake. Alipoandika Ijumaa, Jumamosi aliswali na watu aliowakaripia, na miongoni mwao walikuwamo wanazuoni wenye kuijua lugha na dini sawa naye, wasiokuwa na haya ya kumwambia hapa umeteleza. Tena mtu huyo alikuwa na jina la kupoteza. Si ajabu kwamba tangu 1937 hadi alipofariki 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mhariri wake ulikuwa mji mzima, na kila neno aliliandika huku akiusikia ukipumua. Wewe wasomaji wako wamo Tanga, Toronto na Dubai. Ukimkosea wa Toronto utamkuta wapi?

MWENYE BLOGU: Sitamkuta. Atanikuta yeye.

MUUZA MAGAZETI: Mimi nilidhani mambo haya serikali ilikwisha kuyamaliza. Ile mwaka 2018 si mliambiwa mkate leseni?

MWENYE BLOGU: Tuliambiwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huo zilitaka shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na shilingi 1,000,000 nyingine za ada ya mwaka. Hesabu, kaka, ni karanga ngapi hizo. Wako waliofunga blogu zao kimya kimya, na hata JamiiForums yenye watu wake wengi ilisimama kwa muda Juni hiyo. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini waliokwisha kunyamaza si wote waliorudi. Na mzee asije akasema kwamba leseni ilituletea uhariri. Leseni yajua jina langu na anwani yangu, lakini haijapata kusoma hata aya moja. Haikuniuliza kama nimezungumza na bwana misitu.

MHARIRI: Sitasema hivyo. Nimeishi na sheria za magazeti tangu ile ya 1976, najua tafauti iliyopo baina ya mtu anayetaka andiko liwe sahihi na mtu anayetaka lisiwepo. Wote wawili hushika kalamu nyekundu, na kijana mgeni kazini huchukua miaka kuwatambua.

Baada ya hapo maneno yao yakapungua makali, wakaanza kusemezana kama watu wa kazi moja. Binti alitoa mswada mwingine wa makala, juu ya majahazi ya boriti yalivyokoma kuja, uliokuwa ukingojewa na gazeti la Jumapili. Mhariri akausoma pale pale mezani, magazeti ya siku ile yakiwa chini ya kiwiko chake.

MHARIRI: Aya tatu za mwanzo ziondoke. Ni kumbukumbu za mama yako; ni tamu, lakini gazeti halitazibeba.

MWENYE BLOGU: Nilijua. Ndiyo maana hizo nimekwisha kuzitia katika blogu tangu alfajiri.

MHARIRI: Alfajiri ya leo? Basi lipo kosa linalotembea duniani tangu alfajiri. Umeandika kwamba mama yako aliyaona majahazi ya mwisho mwaka wa Azimio la Arusha, kisha ukautaja mwaka 1966. Azimio lilikuwa Februari 1967.

MUUZA MAGAZETI: Mimi nililisoma nikiwa bado kitandani, tena mwaka huo nimeshambishia nao dereva wa basi.

MHARIRI: Wangapi wamelisoma?

MWENYE BLOGU: Mia mbili na kitu, mzee. Nalirekebisha sasa hivi.

MHARIRI: Rekebisha, lakini usiufute kwa siri. Upige mstari mwaka wa kwanza uonekane, uandike wa pili pembeni yake, na tarehe ya leo.